Katanga haikukatwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015

Mhariri,

Katika toleo lililopita mwandishi wenu alidai kwamba Katanga, jimbo la zamani la kusini-mashariki ya Kongo (DRC), ilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo mpaka ilipogawanywa majimbo manne mwaka 2015 (Tanganyika, Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga), na akamaliza kwa kulilia Katanga kubwa irudi. Maneno kama hayo nayasikia misibani, kwenye taksi, hata kwa wabunge ambao wangetakiwa kujua zaidi. Naomba nafasi nijibu, kwa sababu nimefundisha historia miaka mingi hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwa sababu kosa hili si dogo: linatufanya tudai kitu ambacho hakikuwapo, huku haki yetu iliyoandikwa ikilala kabatini.

Nianze na makaratasi. Nina jirani, mzee aliyezaliwa mwaka 1940. Cheti chake kinasema alizaliwa Albertville, jimbo la Elisabethville. Kifungua mimba wake alizaliwa 1964, Albertville, jimbo la Nord-Katanga. Binti yake wa 1975 ameandikiwa Kalemie, Shaba. Mjukuu wa 1999, Kalemie, Katanga. Kitukuu wa 2018, Kalemie, Tanganyika. Kiwanja ni kile kile, mwembe uani ni ule ule, wala hakuna aliyehama hata mtaa. Mwanawe mkubwa alipokwenda kushughulikia urithi katika ofisi moja, karani aliyaweka makaratasi mawili ubavu kwa ubavu, akamtaka athibitishe kwamba yeye na baba yake ni watu wa mji mmoja. Mwandishi wenu angekaa na mzee huyu nusu saa tu, asingeandika alivyoandika.

Huo mwanzo anaousema uko wapi? Kabla ya Wabelgiji, Msiri alitawala kutoka Bunkeya. Watu wake, Wayeke, asili yao ni Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, na utawala wake ulisimama juu ya shaba, pembe na watumwa. Lakini Walunda wa Kapanga walikuwa na Mwant Yav wao, na Waluba wa kaskazini walikuwa na wakubwa wao. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara ulioongozwa na Kapteni Stairs, uliopitia Bagamoyo na kubebwa na wapagazi wengi wa Zanzibar. Msafara ule ulitumwa na kampuni, Compagnie du Katanga, iliyoundwa mwaka huo huo na kuahidiwa theluthi moja ya ardhi. Ardhi ikagawanywa kwenye ramani kwa miraba kama ubao wa drafti, huu wa Dola, yaani Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, huu wa kampuni, na haikuchukua muda kuonekana kwamba nchi haitawaliki hivyo. Kwa hiyo mwaka 1900 wakaunda Comité Spécial du Katanga: Dola theluthi mbili, kampuni theluthi moja, na kamati hiyo ikapewa kutawala. Kwa miaka kumi tuliongozwa na kamati ya wenye hisa yenye polisi wake. Katanga kama jina la jimbo lenye mipaka imetoka humo, kwenye mkataba wa biashara.

Mwaka 1910 serikali ya Ubelgiji ikachukua utawala mkononi mwake. Mwaka huo huo reli kutoka kusini ikafika, na Elisabethville (Lubumbashi ya leo) ikaanza kujengwa. Lakini Katanga haikuwekwa sawa na sehemu nyingine za koloni. Ilipewa makamu wake wa gavana mkuu, Emile Wangermée, aliyeandikiana na Brussels moja kwa moja. Walowezi wakazoea. Yalipokuja mabadiliko ya 1933, majimbo yakafanywa sita na kuitwa kwa majina ya miji yao mikuu, nguvu zote zikavutwa Léopoldville (Kinshasa ya leo), na wilaya ya Lomami (si Haut-Lomami ya leo) ikamegwa na kupelekwa jimbo la Lusambo. Walowezi walikasirika, na hasira hiyo ikarithiwa na wanasiasa waliokuja baadaye. Angalia basi: Katanga imepunguzwa ardhi na kunyang'anywa jina mwaka 1933, miaka themanini na zaidi kabla ya kilio cha mwandishi wenu. Jina lilirudi 1947. Lomami haikurudi.

Sasa miaka ambayo makala yenu imeiruka kabisa, na ndiyo yenye jibu. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe na chama chake cha CONAKAT walitangaza Katanga kuwa nchi. Wengi wanaosimulia kisa hiki husimulia kana kwamba Katanga nzima ilisimama nyuma yake. Huku kaskazini hatukusimama. Chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe kilikataa kujitenga, vijiji vikachomwa, watu wakafa kwa wingi pande hizi. Mwanzoni mwa 1961 wapinzani wa Tshombe wakatangaza jimbo lao mjini Manono na kuliita Lualaba. Ndiyo, Lualaba, jina ambalo leo ni la watu wa Kolwezi! Julai 1962, Tshombe angali anajiita rais, bunge la Léopoldville likaunda jimbo la Nord-Katanga, makao yake makuu Albertville. Kujitenga kulipozimwa Januari 1963, sehemu iliyobaki nayo ikapasuliwa katikati ya mwaka: Lualaba upande wa magharibi, Katanga-Oriental upande wa Elisabethville.

Majimbo matatu, basi. Ukiiweka ramani ya 1963 juu ya hii ya sasa, utaona mistari inakaribia kulaliana, isipokuwa kaskazini ya zamani leo ni mbili, Tanganyika na Haut-Lomami. Waliochora majimbo ya katiba ya 2006 hawakubuni kitu. Walifuata wilaya za kikoloni, kama wale wa 1963 walivyofuata.

Sisemi kwamba enzi ya vijimbo ilikuwa nzuri. Nchi ilikuwa na vijimbo 21, kila kimoja na mawaziri wake na magari yake, na mishahara ya walimu haionekani. Sendwe mwenyewe, akiwa rais wa Nord-Katanga, aliuawa hapa mjini Juni 1964 wakati wa uasi. Mobutu alipochukua madaraka akafyeka: Aprili 1966 vijimbo 21 vikawa 12, Lualaba na Katanga-Oriental zikaunganishwa kuwa Sud-Katanga, na mwisho wa mwaka kaskazini na kusini zikashonwa tena kuwa jimbo moja. Hiyo Katanga kubwa inayoliliwa leo ni kazi ya Mobutu. Hakuna aliyetuuliza. Mwaka huo huo Elisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie, na miaka michache baadaye jimbo zima likaitwa Shaba. Jina la Katanga lilirudishwa rasmi mwaka 1997, Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa.

Nikipiga hesabu, Katanga nzima, iliyounganishwa, ya baada ya uhuru, imedumu chini ya miaka hamsini. Na katika miaka hiyo sisi wa ziwani tulikuwa mbali na meza. Barabara ilifika mwisho, treni ya kwenda Lubumbashi, ikiwepo, ni safari ya siku na si ya saa, na faili lolote la maana lilikuwa kule.

Nije kwenye uvumi kwamba mgawanyo ulibuniwa ili kumkata mabawa Moïse Katumbi, gavana wa mwisho. Sipingi kwamba tarehe ilichaguliwa kisiasa. Katiba ya 2006 iliagiza majimbo mapya yawe tayari ndani ya miezi 36, muda ukapita, Januari 2011 kifungu cha 226 kikabadilishwa na kikomo hicho kikaondolewa, kisha ghafla mwaka 2015 kila kitu kikawa cha haraka. Uchaguzi wa magavana haukuwahi, na mwezi Oktoba makamishna maalumu wakateuliwa kutoka Kinshasa. Haraka ya namna hiyo ina mtu iliyemlenga. Lakini ramani yenyewe iko katika kifungu cha 2 cha katiba, iliyopigiwa kura ya maoni Desemba 2005, na Katumbi alikuja kuwa gavana mwaka 2007. Huwezi kumlenga mtu ambaye bado hajafika. Jambo la kulalamikia hapo ni jingine: raia waliulizwa Ndiyo au Hapana kwa vifungu 229 kwa pamoja, na ni wachache mno waliojua kwamba ndani yake walikuwa wanapiga kura ya kubadilisha jimbo lao.

Kidonda halisi ni fedha. Shaba na kobalti ziko Haut-Katanga na Lualaba. Kanuni ya madini ya 2018 inaipa serikali kuu nusu ya mrabaha (ada inayolipwa na wenye migodi), asilimia 25 kwa jimbo lenye mgodi, asilimia 15 kwa mamlaka ya eneo husika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni haki kwa wanaovuta vumbi la migodi, sina neno. Lakini Haut-Lomami inapata nini? Kamina ina njia panda ya reli na kambi ya jeshi. Mrabaha wa kobalti haina. Manono tumechimba bati tangu ukoloni na sasa tunaambiwa habari za lithiamu, lakini wagombanaji ni wengi kuliko wachimbaji.

Waandishi wa katiba waliliona hilo. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na ikatwe pale pale yanapokusanywa, si kusubiri Kinshasa iirudishe ikijisikia. Kifungu cha 181 kikaongeza mfuko wa kusawazisha, asilimia 10 ya mapato, kwa ajili ya miradi ya majimbo yaliyobaki nyuma. Magavana wa kila rangi ya chama wamelalamika kwamba ile 40 haikatwi inavyoagizwa. Hapo ndipo ningependa kusikia sauti za wanaoililia Katanga kubwa. Kuunganisha majimbo manne kutairudisha fedha Lubumbashi. Kutekeleza vifungu hivyo viwili kungeifikisha Kamina na Kalemie. Wachague wanataka lipi, waseme wazi.

Kuna dogo moja ambalo halihitaji kubadilisha katiba. Jimbo liligawanywa, kumbukumbu zake hazikugawanywa. Mjane wa Moba anayetafuta faili la mume wake, mtumishi wa serikali wa enzi za Shaba, anaambiwa bado aende Lubumbashi, akalipie nauli, malazi na mkono wa anayefungua kabati. Mabunge ya majimbo manne yanaweza kukubaliana hata mwaka huu kunakili daftari za viwanja, za uzazi na za watumishi, kila jimbo lipate nakala zake. Mashine za kunakili tunazo.

Na wewe Mhariri, mkiligusa tena suala hili, chapisheni ramani ya 1963 kando ya ile ya 2015, bila maelezo marefu. Wasomaji watajionea wenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Kalemie, Tanganyika