Mtoto akijitupa chini sokoni, tumpishe mama yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wazazi wa Kigoma, na zaidi na wapita njia.

Soko la Mwanga, saa sita na nusu mchana. Mtoto wa miaka miwili ameona biskuti, mama amesema hapana. Mtoto anajichomoa mkononi, anajitupa chini, visigino vinapiga vumbi, kamasi na machozi vimekuwa kitu kimoja. Kabla mama hajainama, hukumu mbili zimeshatoka. "Mpe tu, mama, anyamaze." "Umemdekeza huyo, mchape kidogo." Mama aliyekwisha kuona haya hufuata zote mbili: kofi kwanza, biskuti baadaye. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Hasira za namna hii huanza mtoto akiwa na mwaka mmoja na kitu, hushamiri kati ya miaka miwili na mitatu, kisha hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu mzima asimrukie aliyemkanyaga kwenye daladala, kwake bado changa mno. Anajua anachotaka, lakini hana maneno ya kukisema wala breki ya kujizuia. Tukimwita jeuri tunamdai kitu ambacho hajapewa bado.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu, tazama saa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka mitatu hadi minne, saa 10 hadi 13. Aliyeamshwa alfajiri kuwahi mwalo wa Kibirizi, akashinda mgongoni kwenye kitenge, akafika adhuhuri na kikombe kimoja cha uji tumboni, atalia hata kwa sababu umemenya ndizi aliyotaka kuimenya mwenyewe. Huyo mpe chakula, maji na kivuli. Tumbo lake ni dogo, halisubiri kama lako. Tena huku kwetu malaria ni nyingi: mtoto mchangamfu akigeuka mlizi ghafla, mguse mwili, na akiwa na joto apelekwe zahanati akapimwe siku hiyo hiyo.

Kilio kikishaanza, kwanza mwondoe penye hatari: barabara, jiko la mkaa, kisu cha muuza samaki. Chuchumaa, uso wako uwe sawa na wake, sauti iwe ya chini. Sema mara moja tu: "Umekasirika. Ulitaka biskuti. Leo hatununui." Halafu nyamaza. Wazazi wengi huharibu hapa kwa kuhutubia; mtoto aliyefika hapo hasikii maelezo, anasikia kelele juu ya kelele zake. Usiondoke ukamwacha. Usimtishie sindano ya daktari, maana siku ya chanjo utamburuta. Akipiga au kuuma, mshike mkono bila kumuumiza: "Sitakuacha unipige." Mara nyingi dakika tano hazipiti. Akitulia mfute uso, mpe maji, mkumbatie, mwendelee na safari bila biskuti.

Hiyo biskuti tuikazie. Ukimpa baada ya kulia dakika kumi, umemfundisha kwamba bei yake ni dakika kumi, na kesho atalipa bila kuomba punguzo. Kibaya zaidi ni leo kumpa, kesho kumnyima, maana hapo hujifunza kutokata tamaa. Baba, bibi na dada wa nyumbani wawe na neno moja. Jueni pia kwamba mkiacha kumpa, siku za mwanzo kilio kitapanda kabla ya kushuka. Wengi hurudi nyuma siku hizo hizo, wakidhani njia imeshindwa, kumbe ilikuwa inaanza kufanya kazi. Kama biskuti unaweza kuinunua na huna kinyongo, inunue kabla hajalia.

Kofi humnyamazisha kwa hofu, na kesho utamkuta anampiga mdogo wake. Kumtikisa mtoto kwa hasira ni hatari zaidi: ubongo unaweza kuvuja damu.

Kuna jambo linalotisha familia nyingi. Mtoto analia, kilio kinakatika, hapumui, midomo inakuwa ya bluu, analegea. Majirani wanasema degedege. Tofauti ipo: huku kukata pumzi hufuata kilio, maumivu au kukatazwa jambo; degedege la homa huja na joto la mwili, halihitaji hasira. Yote mawili, mlaze ubavu mahali salama. Usimtie kijiko wala maji mdomoni, usimmwagie maji, usimfukize moshi. Aliyekata pumzi kwa kilio kwa kawaida huvuta pumzi tena kabla ya dakika moja. Hata hivyo, mara ya kwanza apelekwe kituo cha afya, na muulize kuhusu kupima damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huchangia hali hii. Ikizidi dakika moja, au kama ni degedege, kimbieni hospitali.

Aonwe na mtaalamu pia mtoto anayejiumiza, ambaye kilio chake huzidi robo saa karibu kila mara, au aliyepita miaka mitano na bado hujitupa chini mara nyingi. Mwenye miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama maji", apimwe masikio. Huenda hasira zake zote zinatokana na kutosikia.

Nawe unayepita sokoni, mshikie mama kapu lake, wapishe kivulini, kisha geuza uso. Watazamaji wakiondoka, mama hana tena haya ya kumharakisha, naye mtoto hutulia upesi.

Walezi wa watoto wadogo,
Mwanga, Kigoma