Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: kipimo cha Alzheimer kimejaribiwa kwa damu ya nani?

Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara. Mchana nashinda na damu za watu, jioni narudi kwa baba yangu, ambaye siku hizi hufunga vifungo vya shati kuanzia chini, akifika juu anakuta tundu moja limebaki, anafungua vyote na kuanza upya. Hakasiriki. Anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Miezi kadhaa iliyopita tuliambiwa kuna kipimo kipya cha damu cha Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole. Akatolewa tyubu moja ya kifuniko cha zambarau, na baada ya wiki mbili karatasi ikarudi: kiwango kiko juu. Daktari akaisoma, akasema, "Basi ndiyo yenyewe." Hakuna aliyeuliza habari za figo. Figo za baba zimechoka siku nyingi. Kreatinini yake, ile namba ya damu inayoonyesha figo zinachuja vipi, naikumbuka kuliko namba yangu ya simu. Na anayefuatilia utafiti wa vipimo hivi anajua kwamba figo zikilegea, protini inayopimwa huweza kupanda kwenye damu hata kama hali ya ubongo haijabadilika.

Sisemi baba hana Alzheimer. Nasema karatasi ile peke yake haikuwa na uwezo wa kutuambia, na hakuna aliyetuonya.

Vipimo hivi ni hatua kubwa, sina ubishi. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulithibitishwa mtu akishafariki, ubongo ukiwa chini ya hadubini. Ikaja sindano ya uti wa mgongo: protini iitwayo amiloidi beta 42 ikipungua kwenye maji yale, ina maana imenasa na kuganda ndani ya ubongo, na protini nyingine, tau, ikipanda, seli za neva ziko matatani. Zikaja picha za PETI, zinazoonyesha amiloidi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, ambazo wengi wetu tumezisoma tu. Sasa tau hiyohiyo, ile iliyobandikwa fosfeti kwenye nafasi ya 217, inasomeka kwenye damu ya mkononi. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii, kinacholinganisha tau 217 na amiloidi, kwa watu wazima ambao tayari wana dalili. Ilisisitizwa kwamba majibu yasomwe pamoja na taarifa nyingine za mgonjwa. Sharti hilo hudondoka njiani, mahali fulani kati ya kiwanda na chumba cha daktari mwenye foleni ndefu.

Kilichonifanya nichukue kalamu, hata hivyo, si tau. Ni kinga ya mwili.

Alois Alzheimer alipouchunguza ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa wake aliyefariki mwaka 1906, aliona zaidi ya mabonge (ndiyo amiloidi) na nyuzi zilizosokotana (ndiyo tau). Aliandika pia kwamba seli za glia, zile zinazozihudumia neva, zilikuwa na mafuta ndani. Mabonge na nyuzi vikapata umaarufu, mafuta yakaachwa pembeni kwa miongo mingi. Mwaka 2024 watafiti wakaonyesha kwamba maikroglia, aina mojawapo ya glia, za wagonjwa wenye nakala mbili za APOE4, aina ya jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, hujaa matone ya mafuta na kutoa vitu vinavyoumiza neva za jirani. Maikroglia ndizo askari wa ubongo, na ndizo wafagiaji wake. Tangu mwaka 2013 imejulikana kwamba badiliko moja adimu kwenye jeni ya TREM2, ambayo kwa maikroglia ni kama pua ya kunusia uchafu, huongeza hatari ya Alzheimer karibu mara 3. Hapo hoja ya kwamba kinga ni mtazamaji tu wa ugonjwa huu ikaisha nguvu.

Usidhani tiba ni kuituliza kinga tu. Naproksini, dawa ya maumivu inayotuliza uvimbe, ilijaribiwa kwa wazee wenye hatari ya ugonjwa, jaribio likasimamishwa mwaka 2004, na haikuonekana kuwakinga. Upande wa pili, kingamwili iliyotengenezwa kuiamsha TREM2 nayo iligonga mwamba mwaka 2024. Ukiituliza, hupati, ukiichochea, hupati. Mimi naona jibu liko kwenye wakati: seli ileile inayofagia mwanzoni ndiyo inayobomoa nyumba baadaye, na bila kiashiria cha kutuonyesha iko zamu gani, tunapapasa gizani. Viashiria vya namna hiyo vipo. Kuna GFAP, protini ya astrosaiti (aina nyingine ya glia), inayopimika kwenye damu, na kuna kipande cha TREM2 kinachomeguka na kuelea, ambacho hadi leo hupimwa zaidi kwenye maji ya uti wa mgongo.

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiusoma natabasamu, kwa jinsi ulivyotokana na kalenda. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi Septemba 2013, ilipanga kwamba aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baada yake anastahili, aliyezaliwa kabla ya hapo amekosa moja kwa moja. Watu wawili waliopishana kuzaliwa kwa siku chache, maisha yaleyale, mmoja anaruhusiwa kuchanjwa mwingine hapana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba katika miaka 7 waliochanjwa walipungukiwa na uwezekano wa kugundulika na demensia, yaani kupungukiwa na akili na kumbukumbu, ambako Alzheimer ni chanzo kimojawapo, kwa karibu asilimia 20. Chanjo ya virusi vya ngozi na neva, na faida kwenye kumbukumbu! Kama ni virusi vyenyewe vinavyozuiwa au ni kinga nzima inayoamshwa, mjadala bado ni moto.

Mheshimiwa, shahada yako ya uzamili ni ya kinga katika magonjwa ya kuambukiza, na ya uzamivu uliifanyia malaria. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kinga ya mtu ni historia ya kila kilichowahi kumwingia mwilini, sikufundishi kitu. Ninachouliza ni hiki: mbona mipaka ya vipimo hivi, ile namba inayotenganisha "una" na "huna", imewekwa kwa sehemu kubwa kwa damu za watu wa Marekani na Ulaya? Shirika lako ndilo lililohesabu watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, na kusema zaidi ya asilimia 60 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watu hao wamepitia malaria, kifua kikuu, minyoo, virusi vya UKIMWI, na wengine, kama baba, wana figo zilizochoka, tena wapo wasiojua.

Kwamba mwili mmoja hausomeki kama mwingine si dhana yangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, Marekani. Kwa mwaka, Alzheimer mpya ilikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis. APOE4, inayoogopwa sana kwa Wazungu, imeonekana kuwa na nguvu ndogo zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Ikiwa jeni inabadilika tabia, namba ya kwenye damu itabaki vilevile kwa sababu gani?

Mwaka 2024 shirika lako lilichapisha sifa linazotaka ziwemo kwenye vipimo vya damu vya Alzheimer, na Mei 2025 nchi wanachama zilirefusha mpango wa dunia wa demensia hadi 2031. Miaka hiyo ya nyongeza naiombea kazi moja. Kipimo chochote kinachotafuta baraka zenu kionyeshe kwanza kilivyofanya kazi kwa wagonjwa wa figo na kwa watu wa maeneo yenye maambukizi mengi, na kila utafiti mnaouunga mkono upime viashiria vya kinga sambamba na tau. Uwiano wa tau 217 iliyobandikwa fosfeti na ile isiyobandikwa hupunguza kosa la figo. Basi usiwe hiari ya mwenye mashine.

Na tafadhali msisahau upande wetu wa kazi. Damu inataka izungushwe mapema kwenye sentrifuji ili plazma, yale maji yake, itengwe na kugandishwa, mara nyingi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku mmoja, utafiti wa miaka mitatu unayeyuka. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi limeanza kujaribiwa kwa tau, na ningependa fedha ziende huko kabla ya kununuliwa majokofu mengine ya kuzinduliwa kwa utepe.

Ukihitaji mtu wa kukueleza sampuli huharibikia wapi kati ya mkono wa mgonjwa na mashine, nipo. Hilo nalijua kuliko ninavyozijua taratibu za Geneva.

Wako,
Mteknolojia wa maabara, na mtoto wa mgonjwa