Picha za jua ziambatane na maelezo ya jinsi zilivyopigwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloyahusu magazeti yote yanayochapisha picha za jua, nalo ni ufinyu wa maelezo yanayowekwa chini ya picha hizo. Mara nyingi huandikwa "uso wa jua" tu, na msomaji anayelitazama duara lile la rangi ya dhahabu, lenye ndimi za gesi ukingoni, haambiwi limepigwa kwa chombo gani, siku gani, wala rangi ile imetoka wapi.

Picha ya namna hiyo hupigwa kwa darubini ya jua iliyoundwa pamoja na vichujio vyake, ambavyo huzuia karibu mwanga wote na kupitisha ukanda mwembamba, kwa kawaida usiofika nanomita 0.1 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), katika wekundu unaotolewa na gesi ya haidrojeni, wa nanomita 656.3. Ni katika mwanga huo ndipo huonekana kromosfia, tabaka la gesi ambalo siku zote humezwa na mng'ao wa uso ulio chini yake.

Kamera ya dijitali ya rangi hupata shida na mwanga huo. Katika kila pikseli nne, yaani vijisehemu vinavyopokea mwanga, za kamera nyingi, moja hupokea wekundu, mbili kijani na moja bluu, kwa hiyo robo tu ya pikseli ndiyo inayofanya kazi ya maana. Ukiiachia kamera ijipimie yenyewe, huona kijani na bluu ni giza, ikadhani mwanga hautoshi na kuongeza muda wa kuupokea, hata wekundu ukafurika na picha ikatoka kama sahani nyekundu isiyo na alama yoyote. Mpiga picha makini hupanga muda kwa mkono huku akiangalia grafu ya kamera inayoonyesha mng'ao wa rangi nyekundu peke yake, akiupunguza muda huo hadi grafu iache kugonga ukingo wa kulia, ambako mwanga hufurika, kisha huchukua wekundu huo na kuugeuza kuwa picha ya kijivu. Wengi hurekodi video fupi, programu ikachagua fremu zilizonaswa hewa ilipotulia na kuzirundika ziwe picha moja. Ndimi za ukingoni, kwa kuwa ni hafifu kuliko duara lenyewe, hupigwa kwa muda mrefu zaidi na kuunganishwa baadaye. Rangi ya dhahabu hupakwa mwishoni kabisa.

Hatua hizo ni halali na ninazitetea, maana bila hizo tusingeona chochote cha kusomea. Lakini wapo pia wanaogeuza mwanga wa duara, penye giza pakang'aa na penye mng'ao pakawa giza, na hapo ukimya wa gazeti humpotosha msomaji. Uzi mweusi unaokatiza uso wa jua na ulimi unaong'aa ukingoni ni kitu kimoja, gesi iliyoshikiliwa juu na nguvu ya sumaku. Uzi huo huonekana mweusi kwa sababu nyuma yake pana uso unaong'aa zaidi. Ukigeuzwa uwe mweupe pasipo maelezo, msomaji atadhani anaona mkondo wa moto mkali kuliko jua lenyewe.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Kijana akiona picha nzuri isiyo na maelezo, atachukua darubini yoyote aliyo nayo na kuielekeza juani. Darubini isiyo na kichujio mbele huweza kuunguza kamera, na jicho huumia bila kuhisi maumivu, kwa kuwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Hata vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya darubini ya kuchungulia havifai, kwani joto lililokusanywa hapo huweza kuvipasua ghafla. Mstari mmoja chini ya picha ungemwonya mapema.

Tarehe nayo isisahaulike. Galileo alichora madoa ya jua siku baada ya siku mwaka 1612, na kwa kuwa michoro ile ina tarehe, mtu yeyote anaweza kuipanga na kuliona jua likizunguka. Wanafizikia wa Ufaransa Hippolyte Fizeau na Léon Foucault walipiga picha ya jua yenye madoa Aprili 2, 1845, na tarehe hiyo ndiyo inayotuwezesha kuiweka mahali pake katika mizunguko ya takriban miaka 11 ya kuongezeka na kupungua kwa madoa ya jua.

Naomba basi kila picha ya jua utakayoichapisha ieleze tarehe na saa, aina ya darubini na kichujio, kama rangi imeongezwa au mwanga umegeuzwa, na upande gani ni kaskazini, maana darubini nyingi hugeuza taswira na doa lililo mashariki likaonekana magharibi.

Msomaji wako,
Mpenzi wa elimu ya anga