Maganda ya risasi yako kwa mifuko ya watoto

Mhariri,

Nauza chapo na maharagwe jioni katika mtaa mmoja wa hapa Nakuru, mtaa wenyewe sitautaja na mkifika katikati mtaelewa kwa nini, na wauza chapo tuko wengi. Kila nikifungua redio naskia msako wa magenge ya bunduki na madawa umeshika kasi. Sikatai, landrova za polisi tumeziona. Zinaingia saa kumi na moja jioni, kelele mtaa mzima, wanabeba kila kijana aliyeegemea ukuta, mwenye bangi na asiye na bangi, hata fundi wa viatu walimbeba na nyundo yake mkononi. Ikifika Jumatatu wengi wamerudi besi, pale kijiweni wanapokaa, waliokosa kitu cha kujitoa ndo wanabaki ndani. Na yule wa gari la Probox anayeleta mzigo usiku na kuondoka kabla sijageuza chapati, huyo sijawahi kumwona akipandishwa landrova hata siku moja.

Mwezi uliopita walipigana risasi hapa nje, mara tatu, eti waligombania nani atauza bugizi, vile vidonge vya kulevya, upande gani wa barabara. Nililala chini ya meza na unga ukanimwagikia wote. Polisi walifika kama saa moja baadaye, wakamulika tochi, wakauliza mbele ya umati wote nani ameona, sasa nani ataongea hapo na wale wale vijana wamesimama nyuma yako? Wakaenda. Asubuhi watoto wakaokota maganda. Kijana wangu wa gredi ya sita nilimpata na moja, analipuliza kama filimbi akienda shule.

Mimi sio askari lakini hata mimi najua pini ya bunduki ikigonga risasi inaacha alama kwa ganda, ukilinganisha na ganda lingine unajua kama ni bunduki ileile ilifanya kazi mahali pengine. DCI, wale wapelelezi wa jinai, walifunguliwa maabara yao mpya Nairobi 2022, na hiyo ni moja ya kazi zake. Sasa itapima nini, filimbi?

Nikalifunga kwa karatasi ya unga nikalipeleka kituoni, jina la kituo niachieni. Niliulizwa mara nne nimelitoa wapi, utadhani mimi ndo nimefyatua, halafu nikaambiwa mwenye kushughulika hayuko, nirudi nalo kesho. Nikaona basi nisitoke bure, nikawaandikia namba ya ile Probox kwa kikaratasi. Jioni hiyo hiyo kijana mmoja wa besi akanunua chapo mbili, akalipa na noti ya elfu, hakutaka chenji, akaniambia, "Mathe, kumbe una mwandiko poa." Mhariri, sikulala. Hii barua amenitypia mpwa wangu kwa simu.

Kwa hivyo nikiskia wakisema wananchi hawatoi habari nacheka tu. Nyumba Kumi, ile ya majirani kulinda mtaa pamoja, tumeimbiwa tangu 2013, lakini kwenye mikutano yenyewe mzazi wa kijana wa besi amekaa kiti cha mbele. Kuna ile namba ya bure ya DCI, 0800 722 203, hiyo angalau haina mwandiko na nimewapa wateja wangu kimyakimya. Sheria ya kulinda mashahidi nayo iko tangu 2006, sawa, lakini muuza chapo aliyepeana namba ya gari tu, kesi hata haijafunguliwa, nani atamhamisha?

Na nguvu serikali inayo ikitaka. Juni 2022 wanawake walipokuwa wanauawa kule Mawanga, hapa hapa Nakuru, waziri wa usalama alikuja mwenyewe.

Halafu tuongee bunduki zenyewe. Serikali ilichoma 5,250 pale Ngong 2016, ikachoma tena 5,144 mwaka wa 2021, tukaona moshi kwa TV. Sisi tumepakana na Baringo na Laikipia, na kule operesheni ya kunyang'anya majangili silaha ilianza Februari 2023, hata mtoto anajua bunduki zinakaribia mji kutoka upande gani. Lakini hapa mtaani vile tunavyoskia bunduki haiuzwi, inakodishwa, leo iko kwa huyu, kesho kwa yule, keshokutwa imerudi kwa mwenyewe ambaye hakai ukutani na hanunui chapo. Ukibeba vijana kumi na uiache hiyo moja, wengine kumi wataikodi usiku huohuo. Ndio maana nasema ifuatwe bunduki, ilipigwa wapi, wapi tena, nani ameikodisha, hao wa ukutani watajileta wenyewe.

Nina ombi moja tu kwa OCS wetu, mkuu wa kituo, akisoma hii. Asianze kuuliza ni mama gani ameandika. Aulize yale maganda mengine mawili yako kwa mtoto wa nani. Langu liko kwa kopo la chumvi, akituma mtu wa kulichukua bila kuniandikisha jina nitampa na chai.

Mama Chapo,
Nakuru