Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama na vijana mliohudhuria,

Shughuli za kawaida za chama chetu, za kuwakinga watoto na vijana na ulaghai wa mtandaoni, mnazijua, sitawachosha. Tulizungumza na wanafunzi wa skuli na madrasa za Langoni na Mkomani, tukaweka meza yetu wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, tukafika Shela na Matondoni. Mafuta ya boti ya Matondoni niliyatoa mfukoni mwangu na sijayadai. Huko vijana waliuliza sana habari za kazi za ng'ambo zinazotangazwa kwenye simu, nasi tukawaeleza habari za Wakenya walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa na kulazimishwa kuwalaghai watu mtandaoni.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno barazani.

Mama mmoja alinijia nyumbani baada ya isha, simu ya mwanawe ameifunga ndani ya leso. Kijana mwenyewe hajatimiza miaka 18. Alikuwa akiandikiana na mtu aliyejifanya msichana wa rika lake, wakapelekeana picha. Yule mtu alipoipata aliyoitaka akageuka: tuma pesa kwa M-Pesa kabla ya saa sita usiku, la sivyo picha itawafikia jamaa zako wote. Na majina ya jamaa akayaorodhesha mmoja mmoja. Tulipokuwa tukizungumza, simu ilikuwa ingali inalia ndani ya leso, ujumbe juu ya ujumbe.

Baadhi yenu mlitaka tuchange tulipe, aibu ifunikwe. Wengine mlisema wazee waachiwe walimalize. Walimalize na nani, na mtu mwenyewe hajulikani yuko wapi? Kamati ilikataa kulipa. Kauli hiyo niliisimamia mimi, na leo naisimamia mbele yenu. Mlaghai akilipwa mara moja ameshajua hapa pana pesa, atarudi na kutaka zaidi. Tulimwambia kijana asijibu tena wala asifute kitu. Tukahifadhi picha za skrini za mazungumzo, jina la akaunti na nambari ya kupokelea pesa, si ile picha yenyewe, kisha tukairipoti akaunti na kuifungia. Kijana akasaidiwa kutumia Take It Down, huduma ya bure ya shirika la Marekani la National Center for Missing & Exploited Children. Huduma hii huitengenezea picha alama ya tarakimu mle mle ndani ya simu, picha haitoki, na mitandao iliyojiunga nayo, kama Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Haifiki kila mtandao, na hilo tulimwambia mama wazi. Tukapiga 116, laini ya bure ya watoto, tukamsindikiza mama polisi.

Lawama ya pili ni kwamba nimewaficha wanachama jina la kijana. Sikulitaja na sitalitaja. Yuko hata aliyetaka aoneshwe picha ili ahakikishe! Ndugu zangu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haimwandami mlaghai peke yake. Anayesambaza picha chafu ya mtoto, hata kwenye kikundi cha WhatsApp cha jamaa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 25, au vyote viwili. Na vijana wakijua majina yao yatafika barazani, atakayepatwa kesho atanyamaza, na huyo anyamazaye na siri kama hii ndiye ninayemhofia roho yake. Maneno kwamba namsitiri kijana kwa kuwa ni wa ukoo wangu yameniuma, na si ya kweli.

Kuhusu mahudhurio, nina masikitiko. Kwa semina ya wazazi tulikodi viti 50. Walikuja wazazi 11, na 9 kati yao ni kina mama. Kina baba ndio wanaowanunulia watoto simu, kisha hawaji kujua kilichomo ndani yake. Wanachama tuko 64, ada ni shilingi 100 kwa mwezi, na waliomaliza ada ni 19. Tulikusanya shilingi 31,400 na kutumia 38,250. Upungufu tuliuziba mimi na mweka hazina. Wengi wanaoilaumu kamati majina yao hayamo katika daftari la waliolipa, na daftari liko hapa mezani, mtu aje aangalie.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kufika Faza na Kizingitini, kupata vijana wa kuwafundisha wenzao, na kuzungumza na serikali ya kaunti tuone kama watatushika mkono. Fedha zikipatikana tutaangalia pia habari ya chumba ambamo mtoto anaweza kuja na simu yake akasikilizwa faraghani.

Namshukuru katibu, kina mama waliopika siku ya semina, na maimamu waliotupa nafasi baada ya swala. Mweka hazina atapokea ada hapa hapa, mkutano ukimalizika.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti