Ile 220 Niliyokuambia

Nakuru, Jumapili jioni

Omera,

Salamu nyingi kutoka huku. Mvua haijatuachia, gereji ni tope tupu, na kile kiti chako cha mbao bado kipo, ila mguu mmoja tumeufunga waya. Mama hajaacha kuuliza habari za yule kijana wa Kisumu aliyemaliza sufuria ya githeri peke yake.

Ningekupigia simu, lakini najua ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika mwisho. Wiki jana mwanao alinipigia. Alinisalimu kwa adabu zote, kisha akauliza: "Ankol, ni kweli uliwahi kufika kilomita 220 kwa saa na Porsche? Baba husema hivyo." Nikamung'unya maneno. Akaniambia siku hizi unamwachia ile Toyota Probox yako, na kwamba barabara ya Ahero, pale inaponyooka kwenye mashamba ya mpunga, ameshagusa 140 usiku. Omera, spana ilinianguka mkononi.

Kwa hiyo nisikilize. Sikufika 220. Sikufika hata 120.

Ilikuwa 2013, wiki ile ulipoenda kumzika babu yako. Yule mzee wa shamba la ngano kule Njoro alikuwa ametuita tangu Jumatatu: Porsche 911 yake ya 1982 ilikuwa imelala bandani miaka minne, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, breki za mbele zimeshika kutu na kukataa kuachia. Kabla hujapanda matatu tuliwekeana dau la shilingi mia tano. Ulisema hata nikipewa usukani, mia mbili sitaifikia. Mimi nikasema nitapita.

Siku tatu nilikuwa chini ya lile gari. Unajua jinsi tulivyozoea: unafungua boneti, unaona injini, unaona rejeta. Hili halina rejeta wala tone la maji. Silinda zake sita zimelala ubavu, tatu huku tatu kule, kama mabondia wanaorushiana ngumi, na nyuma yake kuna feni kubwa inayozipuliza usiku na mchana. Zote hizo zimening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Nikamwambia mzee, huyu aliyeunda hii kitu alisahau injini hadi dakika ya mwisho akaichomeka palipobaki. Mzee hakucheka. Alisema, "Utaelewa ukiendesha."

Yeye hakuweza tena kuliendesha. Goti la kushoto lilikuwa limekataa kukanyaga klachi. Ndiyo sababu Alhamisi asubuhi alijipenyeza kiti cha abiria, akapangusa vumbi kwenye dashibodi na kofia yake, akanipa ufunguo.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni pedali. Hazining'inii kutoka juu kama za Toyota. Zimeota sakafuni kama uyoga, na mguu wangu ukawa hauna adabu, unatafuta klachi hewani. Mbele yangu geji tano zimepangana, na ile kubwa ya katikati si ya spidi, ni ya mizunguko ya injini. Nikawasha. Sauti ikatokea nyuma yangu, kavu, ya kukwaruza, nikageuka kutazama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikazima gari mara mbili kabla ya kutoka getini. Mimi! Fundi mwenye uzoefu wa miaka tisa, nazima gari mbele ya wachunga ng'ombe.

Tukashika barabara ya Elburgon. Mzee akaanza kusimulia Pasaka ya 1978, alivyosimama kando ya barabara kwenye matope akaona 911 za mashindano ya magari ya Safari Rally zikipita, moja ya Vic Preston Junior, nyingine ya Björn Waldegård. Preston alimaliza wa pili na Waldegård wa nne. Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas ndiyo iliyoshinda. "Hayo magari hayajawahi kushinda Safari," mzee akasema, kwa uchungu wa mtu anayezungumzia timu yake ya mpira, "lakini hakuna lililolia kama yale." Miaka michache baadaye akanunua lake.

Nilikuwa nasikia kwa sikio moja. Gari lenyewe lina nguvu za farasi 204, karibu mara mbili ya Probox yako, na uzani wake haupiti sana wa hiyo Probox. Lakini huku kwetu juu ya mita 2,000 hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu farasi mmoja kwa kila watano. Kwa hiyo halikuruka kama nilivyoota. Lilivuta tu, likavuta, na sauti ikapanda hadi nikahisi kwenye meno. Gia ya tatu. Ya nne. Nikatupa jicho: 110. Hapo ndipo mwisho wangu, Omera. Usukani ulikuwa unanong'ona kila kokoto iliyokuwa kwenye lami, mikono ikaanza kutoka jasho, nikasema hapa panatosha.

Mzee alikuwa ameniambia jambo moja tu kabla hatujaondoka: "Ukiwa ndani ya kona, usiachie akseleta ghafla." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia wateja.

Baada ya Njoro kuna kona moja inayoteremka kidogo kwenye miti, na mvua ya usiku ilikuwa haijakauka pale kivulini. Nikaingia na themanini hivi. Katikati ya kona nikaona mkokoteni wa punda, umejaa magunia ya viazi, umechukua nusu ya barabara. Mguu ukafanya kile mguu wa kila mtu hufanya: ukaachia. Papo hapo uzito ukahamia mbele, magurudumu ya nyuma yakapata wepesi, na ile injini yote iliyoning'inia kule nyuma ikataka kutangulia. Nikaona mtaro kupitia dirisha la pembeni. Dirisha la pembeni, si la mbele!

"Kanyaga!" mzee akapiga kelele.

Kila nilichofundishwa kilisema shika breki. Nikakanyaga mafuta, si kwa ujuzi, kwa woga wa ile sauti. Nyuma ikachuchumaa, ikashika lami, gari likarudi kwenye njia yake kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Tukampita punda kwa nafasi ya mkono. Mwenye mkokoteni alivua kofia, sijui kama ni salamu au ni maombi.

Mzee alikaa kimya hadi Elburgon. Kwenye kituo cha petroli akasema tu, "Sasa umeelewa injini ilisahauliwa wapi."

Hapo nikataka kupima oili, nikafungua boneti ya mbele kwa mazoea, nikakuta gurudumu la spea. Watoto waliokuwa wametuzunguka wakaangua kicheko: "Injini imeibwa!" Nikaenda nyuma, na mzee akanizuia nisizime, maana oili ya hilo gari hupimwa likiwa moto, linanguruma, limesimama mahali tambarare. Mikono ilikuwa inatetemeka hata kijiti kikanishinda kurudisha tunduni. Mzee alikishika akakirudisha mwenyewe.

Kurudi Njoro sikupita sitini. Boda boda ilituacha.

Uliporudi kutoka mazishini ulinikuta nimezungukwa na vijana wote wa gereji, na hukuuliza chochote ila, "Ulifika ngapi?" Kinywa kikatangulia kichwa. Ukatoa mia tano palepale, mpya, umeikunja mara nne. Tuliinywea soda siku hiyohiyo, na nikaona haya kukuambia wakati ungali unaninunulia.

Mzee alifariki mwaka juzi na gari likauzwa Nairobi. Sikuliendesha tena. Alinipa siku moja nyingine nafasi, nikasingizia mgongo.

Mpe mwanao barua hii aisome kabla hujamwachia tena ufunguo. Mwambie pia Probox haina wa kupiga kelele pembeni yake usiku.

Nimekutumia elfu moja kwa M-Pesa: mia tano za dau, mia tano za kungoja. Ujumbe ukiingia usianze kusema eti ni mtu amekosea namba.

Mshika spana wako wa Nakuru