Begonia za Nyanda za Juu zisifuate ratiba ya pwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanaopanda maua nyumbani Mbeya, Iringa, Njombe na Makete. Maelekezo mengi ya kuzalisha begonia kwa vipandikizi yanasema: chomeka tawi kwenye udongo wenye mbolea, mwagilia asubuhi na jioni, subiri. Pwani, kwenye joto, mtu anaweza kubahatika. Huku kwetu mwezi Juni na Julai udongo wa kopo ni wa baridi usiku kucha, maji hayakauki, na shina la begonia, lililojaa maji tangu asili, huoza kuanzia pale lilipokatwa. Mwenye ua hudhani limekauka, anaongeza maji, na kuoza kunakwenda kasi.

Wakati mzuri ni Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijakolea. Mizizi hutoka vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto 20 hadi 24. Chini ya 15 kipandikizi hukaa tu kikingoja ukungu. Anayelazimika kukata wakati wa kipupwe aliweke kopo jikoni juu ya rafu ya mbao. Sakafu ya saruji hunyonya joto, na kioo cha dirisha usiku ni baridi kuliko chumba.

Udongo wa bustani na samadi viachwe kabisa katika hatua hii, maana hubeba vimelea na hushika maji mno. Changanya sehemu 2 za maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kufika kuwa majivu, na sehemu 1 ya mchanga wa mtoni uliooshwa hadi maji yatoke safi. Maganda hayo hurundikana kwenye mashine za kukobolea Mbarali na Kyela; yasuuze mara mbili kwanza ili kupunguza magadi. Walio karibu na mlima Rungwe wanaweza kuponda yale mawe mepesi ya volkano hadi ukubwa wa punje za mchele, wayatumie badala ya mchanga. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, uache upoe. Ukiufumbata, itoke tone moja au mbili tu. Maji yakichuruzika, ni mengi.

Sasa aina, kwani hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi. Begonia ya shina refu lenye vifundo kama mwanzi haizalishwi kwa jani. Jani lake likiwekwa kwenye glasi ya maji linatoa mizizi mingi ya kupendeza, lakini kwa kawaida halitoi chipukizi, kwa sababu halina jicho la kuchipua wala, tofauti na la reksi, haliwezi kulitengeneza. Hiyo ikatwe shina la sentimita 8 hadi 10 lenye vifundo 2 au 3, nusu sentimita chini ya kifundo, kwa wembe uliopanguswa kwa spiriti. Chagua tawi lisilo na maua: kifundo kilichokwisha kuchanua mara nyingi hakichipui tena. Ondoa jani la chini, acha mawili ya juu, na yakiwa mapana yakate nusu yasipoteze maji. Acha kidonda kikauke saa moja, kisha fukia kifundo kimoja.

Begonia reksi, ile ya majani yenye rangi nyingi, ndiyo huzaa kwa jani. Chukua jani lililokomaa lakini si zee, likate pembetatu za sentimita 3 hadi 4, kila moja ikiwa na mshipa mkubwa, uchomeke theluthi ya chini, ncha iliyokuwa karibu na kikonyo ikielekea udongoni. Ikigeuzwa juu chini haioti. Miche midogo huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Ya shina huwa na mizizi ndani ya wiki 3 au 4.

Funika kwa chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na chupa ni bora zaidi, kwa kuwa kizibo chake hufunguliwa dakika 10 kila siku hewa ipite. Bila hewa, ukungu wa kijivu huanzia kwenye jani au petali iliyoanguka, hivyo okota kila kinachodondoka. Iwe kwenye mwanga mwingi, lakini jua lisiipige chupa. Ikipigwa, majani yaliyo ndani huungua kwa joto.

Mmea wenye madoa madogo yaliyolowana, yenye ukingo wa njano, usikatwe kipandikizi hata kimoja. Ni ugonjwa wa bakteria unaosafiri kwa wembe na kwa matone ya maji. Uchomwe wote.

Mizizi ikifika sentimita 2 au 3, hamishia kwenye kopo la upana wa sentimita 10, si ndoo: udongo mwingi kuzunguka mizizi michache hubaki umelowa. Hapo ndipo samadi iliyooza inaruhusiwa, sehemu 1 kwa 2 za udongo wa msituni na 1 ya mchanga. Chupa iondolewe kidogo kidogo kwa wiki nzima, ukianza kwa muda wa saa moja tu kila mchana.

Mhariri, ukichapa ushauri wa bustani, tafadhali mwandishi ataje umeandikwa kwa ukanda gani na kwa miezi ipi.

Mpanda maua,
Uyole, Mbeya